Tusisubiri PF3 ndipo tuamini kwamba mtu anatishiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo katika mitaa yetu ya Dodoma huchukuliwa kuwa mambo ya mapenzi ya vijana na kuachwa wahusika wamalizane wenyewe, ilhali kwa anayefikwa nalo ni suala la uhai. Nazungumzia mtu kumwandama mwenzake kwa simu, kwa mitandao ya kijamii na kwa miguu yake mwenyewe, baada ya kuambiwa waziwazi kwamba hatakiwi. Hoja yangu ni kwamba vyombo vyetu, na sisi majirani pia, tumejizoesha kungoja hadi mtu apigwe ndipo tuhesabu kwamba ametendewa kosa, wakati sheria zilizopo zinaturuhusu kuanza mapema zaidi.

Mimi ni mwalimu mstaafu na nina nyumba ya vyumba vya kupangisha Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na wapangaji wangu wengi ni wanafunzi wa kike. Mmoja wao, ambaye amenipa ruhusa ya kuyaeleza haya bila kumtambulisha, aliandamwa kwa muda mrefu na mwanamume aliyewahi kuwa na urafiki naye, urafiki alioamua kuuvunja. Meseji za mwanzo zilikuwa za kubembeleza. Zilizofuata zilitoka namba nyingine, kisha nyingine tena kila alipoizuia moja, na lugha nayo ikabadilika. Baadhi yake nilizisoma kwa macho yangu jioni moja akiwa ameketi barazani kwangu, simu ameishika kwa mikono miwili. Mojawapo ilisema, "Hilo dera la kijani linakupendeza, ila usilivae tena kwenda kwa mangi." Haina tusi wala neno la kuua, na asiyejua mazingira akiisoma atadhani ni sifa. Lakini binti alikuwa amevaa dera la kijani asubuhi ile, na dukani kwa mangi alikuwa amekwenda kununua mkate, kwa hiyo sisi tuliokuwa pale tulielewa kwamba kuna mtu alikuwa amesimama karibu na geti letu akitazama.

Alipokwenda kituo cha polisi, ambacho sikitaji kwa sababu nia yangu si kumshtaki askari mmoja, aliulizwa kama amepigwa, akajibu hapana. Akaulizwa kama ana PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, akajibu kwamba hana kwa kuwa hana jeraha la kutibiwa. Akashauriwa abadilishe laini, kisha arudi endapo mtu huyo atafanya kitu. Alirudi nyumbani bila RB, yaani namba ya kuonyesha kwamba taarifa yake imeandikishwa polisi, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alirudi akiamini kuwa amewasumbua wakubwa kwa jambo dogo.

Ushauri wa kubadilisha laini hutolewa kwa nia njema, nami nimewasikia wazazi, walezi na hata walimu wenzangu wakiutoa, lakini naomba tuutazame vizuri. Namba ya mwanafunzi ndiyo iliyoandikwa benki, ndiyo yenye akaunti ya pesa za simu, ndiyo inayojulikana chuoni na nyumbani, na ndiyo anayoitumia mama yake kule Kondoa au Mpwapwa kumtumia nauli. Kuiacha ni gharama na usumbufu unaombebesha mzigo asiyekosa. Tena namba mpya haifichiki. Mwandamaji mwenye nia huipata kwa mwanafunzi mwenzake mmoja tu asiyejua kinachoendelea, na siku atakapoipata, yule binti atajiona hana pa kukimbilia. Zaidi ya hayo, laini ikitupwa, na vitisho vilivyokuwa ndani yake kwa kawaida hutupwa pia, na hapo ndipo kesi nyingi hufia.

Sheria haisemi kwamba lazima damu imwagike. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumbughudhi au kumsababishia maumivu ya moyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote viwili. Kanuni ya Adhabu nayo inamgusa anayetishia kumdhuru mwenzake. Kuna pia njia ambayo watu wengi mtaani hawajawahi kuisikia: chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, hakimu akipewa taarifa kwa kiapo kwamba mtu fulani huenda akavunja amani, anaweza kumwita mtu huyo ajieleze kwa nini asitakiwe kuweka dhamana ya kutunza amani. Katika yote hayo hakuna panapodaiwa PF3. Fomu ile ni ya mtu aliyeumizwa anayekwenda kutibiwa. Kumdai aliyetishwa ni sawa na kumwambia akaumizwe kwanza.

Wapo watakaosema kwamba wengi wa wanaotishia hawatendi, na kwamba mtu akipuuzwa huchoka mwenyewe. Wengine huchoka, ni kweli. Lakini hakuna awezaye kutuambia mapema ni yupi atakayechoka, na wale ambao hawakuchoka tunawajua. Mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei, aliyekimbia marathoni katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, alifariki tarehe 5 Septemba mwaka huohuo mjini Eldoret, Kenya, baada ya mwanamume aliyekuwa mpenzi wake kummwagia petroli na kumchoma moto. Baba yake alieleza hadharani kwamba malalamiko dhidi ya mtu huyo yalikuwa yamefikishwa polisi zaidi ya mara moja. Simtaji ili kuwatisha wasichana wetu. Namtaja kwa sababu hata mtu maarufu, mwenye familia iliyokuwa nyuma yake na malalamiko yaliyokwisha kufika kituoni, hakukingwa kwa wakati.

Nirudi kwa mpangaji wangu, maana lililomsaidia ni jambo ambalo kila mtu anaweza kulifanya bila fedha. Tulimpa daftari la kawaida la shule akaanza kuandika: tarehe, saa, mahali, kilichotokea na nani aliyekiona. Hakuandika hisia zake wala hakumtukana mtu. Mstari mmoja wa daftari lile unasema kwamba Jumanne saa 1:20 usiku bajaji ilisimama ng'ambo ya geti ikiwa imezima taa, na ikaondoka dada wa chumba cha uani alipotoka kumwaga maji. Mstari kama huo ukisimama peke yake hauna uzito. Mistari ya namna hiyo inapojaza kurasa, na jina la shahidi likawa pembeni ya kila mmoja, askari anayeisoma hawezi tena kusema kwamba ni hisia za msichana. Binti alirudi polisi akiwa na daftari hilo, simu yenyewe na mmoja wa wapangaji wenzake aliyeyaona baadhi ya matukio, akaomba kupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto badala ya kueleza habari zake mbele ya foleni ya kaunta. Askari wa kike aliyempokea alimsikiliza hadi mwisho, akafungua jalada na kumpa RB. Namshukuru askari yule, na ninaamini wapo wengi kama yeye. Ninachotaka ni kwamba kupata msaada kusitegemee bahati ya kumkuta aliyepo zamu.

Kuhusu meseji zenyewe, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaweka wazi kwamba ushahidi hauwezi kukataliwa mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki, ila mahakama itautazama ulivyohifadhiwa na kama umeaminika kutoguswa. Kwa hiyo usifute kitu, hata kile kinachokudhalilisha. Unapopiga picha ya skrini, hakikisha namba, tarehe na saa vinaonekana. Vijana wengi huihifadhi namba ya mtu wa namna hii kwa jina la "Usipokee" au la kebehi, na picha ikipigwa huonyesha jina hilo pekee, namba haionekani, kisha upande wa pili ukaja kukana kwamba namba ilikuwa yake. Kama vitisho vinatoka kwenye akaunti ya Instagram au Facebook, nakili anwani ya akaunti hiyo, maana jina na picha vinaweza kubadilishwa wakati wowote. Tuma nakala kwa mtu mmoja unayemwamini, na simu iliyopokea ujumbe usiiuze wala usimpe fundi aiflashi. Mwambie mwandamaji mara moja, kwa maandishi, kwamba hutaki mawasiliano naye, halafu usijibu tena, kwa maana ukijibu mara ya ishirini umemfundisha kwamba akikutafuta mara ishirini utajibu. Na kama una uwezo wa kupata simu ndogo ya pili, laini ya zamani iache iwake humo bila kuijibu, ijikusanyie ushahidi, wakati wewe unatumia nyingine kwa watu wako.

Laini ngeni nazo zisimvunje mtu moyo. Tangu Januari 2020, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa nchini, maana yake kila namba inayotuma vitisho imesajiliwa kwa jina la mtu fulani, na polisi wakiwa na jalada wanaweza kuitaka kampuni ya simu iwape taarifa hizo. Kwamba mtu huyo aliyesajiliwa anaweza kuwa mama mzee aliyewekewa kidole mara mbili chini ya mwavuli wa wasajili laini bila kujua, hilo nalo ni tatizo, na ndiyo maana kila mmoja wetu anapaswa kupiga *106# aone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, kisha azikane zile asizozijua. Lakini nawaomba sana ndugu wa wanaoandamwa wasimtafute rafiki anayefanya kazi kwenye kampuni ya simu awatolee majina kwa siri. Njia hiyohiyo ya pembeni ndiyo anayoitumia mwandamaji.

Hapa nafika kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linatuhusu sisi tunaojiona hatuna hatia. Mtu huyu alijuaje binti amehamia Ng'ongʼona, alijuaje namba yake mpya, alijuaje ratiba yake? Hakuwa mchawi. Tulimwambia sisi. Nenda kwa wakala yeyote wa pesa za simu, pale Sabasaba au Majengo au hapa kwetu, utakuta daftari limefunguliwa juu ya meza, na ndani yake kuna majina kamili, namba za simu, kiasi cha fedha na sahihi za wateja wa siku nzima, na anayesubiri kuhudumiwa anaweza kusoma ukurasa wote au kuupiga picha. Nenda ofisi yoyote yenye mlinzi getini, utaandikishwa jina, namba na unakotoka katika daftari ambalo kila mgeni atakayekuja baada yako atalisoma. Mzigo unaofika kwa basi pale stendi ya Nanenane umeandikwa jina na namba ya mpokeaji kwa wino mzito, nao huwekwa chini mbele ya watu. Makundi ya WhatsApp ya michango ya harusi na sendoff yanakusanya namba za watu wasiofahamiana, na orodha ya wachangiaji husambazwa ikiwa na majina yao. Kisha yupo mangi, yupo dereva wa bajaji, nipo na mimi mwenye nyumba, ambao tukiulizwa kwa upole na kijana nadhifu, "Samahani mama, dada fulani bado anakaa hapa?", tunajibu kwa ukarimu kwamba yupo chumba cha tatu, ila leo ana kipindi hadi jioni.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tunayo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyozinduliwa Aprili 2024. Msingi wa sheria hiyo ni kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi, zisizidi kinachohitajika, na zilindwe zisifikiwe na asiyehusika. Daftari la wakala lililo wazi mezani linakiuka msingi huo mchana kweupe. Naiomba Tume isiishie kuzungumza na benki na mashirika makubwa, bali iteremke hadi kwenye meza za mawakala na vibanda vya walinzi, kwa maelekezo mepesi: kila mteja aandikiwe karatasi yake, au kurasa zilizokwisha kujazwa zifunikwe, na daftari likijaa litunzwe mahali penye kufuli badala ya kufungiwa maandazi. Hayo hayahitaji bajeti.

Ndani ya simu zetu kuna milango mingine, nami nitaitaja kwa haraka kwa kuwa vijana wanaijua kuliko mimi. Fungua WhatsApp, nenda kwenye mipangilio, tazama vifaa vilivyounganishwa. Aliyewahi kuishika simu yako kwa dakika chache anaweza kuwa anasoma meseji zako kwenye kompyuta yake hadi leo, na kifaa usichokijua kiondoe, ila kwanza kipige picha kwa ajili ya ushahidi. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Badilisha nywila ya barua pepe ambayo mwenzi wako wa zamani aliijua, zima kushirikisha mahali ulipo, na picha ya sehemu uliyokwenda ipandishe ukiwa umekwisha kuondoka. Mara nyingi anayetuvujisha ni rafiki anayeweka picha ya pamoja kwenye status na kuandika jina la hosteli, hivyo mwambie rafiki yako kinachokusibu. Siri ya aina hii humlinda mwandamaji peke yake.

Nisieleweke kwamba wanaoandamwa ni wasichana wa vyuo tu. Nimewaona wanaume watu wazima wakikosa usingizi kwa sababu ya vitisho vya wakopeshaji wa mtandaoni waliochukua namba zote zilizomo katika simu ya mkopaji na kuwatumia wakwe na mabosi wake ujumbe wa kumdhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na hatua hiyo ilionyesha kwamba Serikali ikiamua kutazama vitisho vya simu kwa uzito wake, inaweza. Mtu anayedaiwa kihalali bado ana haki ya kutotishwa.

Kuna pengo moja ambalo halitazibwa na daftari wala na askari mwema, na kwa hilo nawageukia waheshimiwa wabunge wanaokutana katika mji wetu huu. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mtu aache kumsumbua mwenzi wake au aliyekuwa mwenzi wake wa ndoa. Ni kinga nzuri, lakini mpangaji wangu hakuwahi kuolewa na mtu yule, kwa hiyo kinga hiyo haimhusu. Afrika Kusini wana sheria ya mwaka 2011 ya kulinda watu dhidi ya usumbufu, inayomruhusu mtu yeyote, awe aliwahi kuwa na uhusiano na msumbufu au hakuwahi, kuiomba mahakama amri ya ulinzi. Na pale anapotumiwa ujumbe na asiyemjua, mahakama inaweza kuiagiza kampuni ya mawasiliano itoe jina na anwani ya mtumaji. Jirani zetu wa Kenya, katika sheria yao ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018, nao wameweka nafasi ya mwathirika kuiomba mahakama imzuie mshtakiwa kuendelea kuwasiliana naye. Amri ya namna hiyo ina faida ambayo kesi ya jinai haina: haisubiri hukumu, na mwandamaji akionekana tena getini, askari hana haja ya kuuliza kama amepiga, kwa kuwa kufika kwake pale tu kumevunja amri. Naomba wabunge wa mkoa huu, wa kuchaguliwa na wa viti maalumu, walichukue jambo hili kama hoja yao.

Kwa sasa, wakati tukingojea hayo, kila kituo cha polisi mkoani kingeweza kubandika kaunta tangazo fupi linalosema kwamba anayetishwa kwa simu au kufuatwafuatwa atapokelewa, ataandikiwa RB na kupelekwa Dawati la Jinsia bila kudaiwa PF3. Nasi wenye nyumba wa Ng'ong'ona, Makulu na kwingineko kunakopangishwa wanafunzi tunaweza kukubaliana kwamba hakuna mgeni atakayepewa habari za mpangaji getini, bali ataacha jina na namba yake, na mpangaji ndiye atakayeamua kumpigia au kutompigia. Mwaka mpya wa masomo hauko mbali, na vyumba vitajaa wasichana wanaofika Dodoma kwa mara ya kwanza, wasiomjua mwenyekiti wa mtaa wala kituo cha polisi kilipo. Namwomba mwenyekiti wetu aitishe kikao cha wenye nyumba, mawakala, madereva wa kijiwe cha bajaji na polisi kata kabla hawajaanza kuwasili; baraza langu lina nafasi ya kutosha, na viti nitatoa mimi.

Mwalimu mstaafu,
Ng'ong'ona, Dodoma
(Jina limehifadhiwa kwa usalama wa mpangaji)